Vikombe vya Wakili Aroni

Atu, uko? Naandika nikiwa ndani ya gari.

Nilienda kumsalimia Wakili Aroni, bosi wetu aliyestaafu juzi akaniachia ofisi. Pale kwake Iringa, nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Akainuka anichemshie chai. Jamani, alifungua makabati yote ya jikoni. Akasimama katikati, akauliza taratibu, "Mama, vikombe vinakaa wapi?"

Vikombe! Kwake mwenyewe!

Mkewe, Mama Veneranda, hakuinuka. Akaniambia, "Mwache atafute. Miaka yote alikuwa anakuja kulala tu. Hata mimi ananiongelesha kama mteja."

Nikacheka nikidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka. Mzee akanigeukia, "Eveline, ile kesi ya mashamba ya Rujewa imefika wapi?" Aliuliza kama mtu mwenye kiu anayeomba maji.

Mama akanitazama. "Na wewe una watoto?"

Atu, nilishindwa kujibu. Ninao wawili!

Nikaaga bila kunywa chai. Hapa garini nimempigia mume wangu, Isaka, nikamwambia leo narudi mapema, tutakula wote.

Akauliza, kwa huruma kabisa, "Wamekufukuza kazi?"