Baba Bingwa wa Presha

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la wateja katika saluni ya baba yangu, ambaye ni kinyozi, na nisipokueleza nitapasuka. Nilimnunulia baba mashine ya kupimia presha, nikamwonyesha namna ya kufunga mkanda mkononi, nikaenda zangu kazini nikijiona binti mwema, kumbe nimewaletea mchezo, maana sasa kila jioni wateja wanapimana kwa zamu na mwenye namba kubwa kuliko wote ndiye bingwa, anavishwa taulo jekundu mabegani kama mfalme, na bingwa ni baba, kila siku baba. Jana fundi viatu alipata mia na ishirini, baba akamwambia, “Hiyo presha ya kitoto, kaka, rudi kwa mama ukanyonye,” kisha yeye akapata mia na sabini juu ya mia na tano, saluni nzima ikapiga makofi, nami nikacheka nao, halafu nikatoka nje nikashika ukuta. Daktari alishampa vidonge, lakini amevitia kwenye droo ya viwembe. Nikimuuliza ananijibu, “Kichwa hakiniumi, mwanangu, mkono hautetemeki. Unataka nivuliwe taulo?” Ningeificha mashine, ila tangu mama afariki saluni hii ilikuwa kimya kama stoo, na kicheko cha baba ndio kwanza kimerudi. Nimnyang'anye? Kila nikitaka kumwambia kwamba naogopa kumpoteza, najikuta namwambia chumvi ni mbaya.

Binti wa Kinyozi

*

Binti,

Nimecheka mpaka nikafuta machozi, kisha nikakasirika. Mtu mzima unachekelea mia na sabini?

Mashine usiiguse. Badilisha sheria. Presha ya juu mara nyingi haiumi wala haitetemeshi mkono. Inachosha moyo, figo na mishipa ya ubongo huku mwenyewe anachana watu nywele na kupiga soga. Kwa hiyo kujisikia mzima si sababu ya kuacha dawa. Wiki hii mpeleke kwa daktari na vidonge vyake, aseme ukweli kwamba hajavimeza, apangiwe upya. Asimeze vingi kwa mpigo ili kufidia alivyoruka.

Taulo sasa liende kwa anayefuata maagizo ya daktari wake. Na mpime kwa utaratibu: mtu atulie kwanza, aegemee kiti, miguu sakafuni, mkono uwe usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa chai au kuvuta sigara, na asiongee. Hapo kwenu, kukaa bila kuongea ndiyo mashindano yenyewe. Baba akipata maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande au mkono kulegea ghafla, hakuna kusubiri zamu, ni hospitali.

Chumvi ipunguze, lakini acha kujificha nyuma yake. Umeniandikia presha ya baba na ya fundi viatu. Yako hukuitaja, na wewe ni damu yake. Leo jioni keti kwenye kile kiti, kunja mkono wa nguo, mwambie, “Baba, nipime.” Atainama kukufunga mkanda, na mtakuwa mmenyamaza wote wawili, maana ndiyo sheria mpya. Namba ikishasomwa, mwambie yeye hayo uliyoniambia mimi.

Na daktari akishampangia upya, mvike taulo, umpe kikombe cha maji na kidonge.