Wimbo wa Mke Wangu Unasikika Barabara Nzima, Nyumbani Kimya

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu uiweke akiba. Naomba msaada wako, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, maana nimetembea, nimeona miji, nimelala hoteli zenye lifti, na shule niliiacha mapema lakini masikio yangu yana digrii. Kazi yangu ni kupeleka vipuri vya magari kwa pikipiki, mji hadi mji, barabara kuu, na nikwambie kabla hujasikia kwa mwingine kwamba hakuna pikipiki yenye muziki kama yangu, na waliobisha niliwapakia wakashuka wamenyamaza.

Mwanzo nilikuwa na spika mbili za kawaida kwenye usukani, ukiwa umesimama zinalia mpaka watoto wanacheza, lakini ukifika mwendo wa themanini upepo unakula kila kitu, unabaki na kelele kama nyuki ndani ya kopo, na wimbo niliotaka kuusikia njiani haukuwa wa redio, ulikuwa wa mke wangu. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, na akikanyaga cherehani anaimba nyimbo za kutunga mwenyewe, leo kaimba zipu iliyogoma, kesho kaimba mteja asiyerudi kuchukua gauni, keshokutwa kaniimba mimi kwamba nina mdomo kuliko honi ya lori, na sauti yenyewe, mshauri, ni ya chini, nzito, inakuingia kifuani bila kupiga hodi. Siku moja nikasimama nyuma ya pazia na simu, nikamrekodi mwanzo mpaka mwisho, yeye hana habari.

Sasa sauti ya chini ndiyo inayoanza kuliwa na upepo. Nikaenda kwa fundi wa redio, jamaa ana maneno kunizidi hata mimi, nikamwambia nataka huyu mama asikike nikiwa themanini. Akacheka, akasema, "Kaka, wewe kila siku unaongeza besi, na besi upepo unaimeza kama uji. Punguza besi, pandisha sauti za katikati, na spika zikuelekee usoni, zisiangalie mbele kama taa." Tukafunga spika zinazovumilia mvua, amplifaya ndogo chini ya kiti, waya wake unatoka moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake, na kioo cha mbele tukaweka kirefu ili upepo upite juu ya kofia. Siku ya kwanza kutoka nayo nilifika mwisho wa safari sitaki kushuka. Kila neno lake lilikuwepo, hata cherehani unaisikia kwa nyuma. Nikavimba kichwa, nikawasikilizisha vijana wa kituo cha mafuta, nikawasikilizisha madereva wa malori, nawaambia huyo ni wangu, tena hajasomea.

Balaa lilipanda siku nilipompakia mama yangu mzazi kumleta kwetu. Nilisahau kwamba ubeti wa mwisho unamhusu, unasema mama mkwe akija na mkoba mdogo anakaa wiki, akija na mkubwa tuhame sisi. Tulikuwa themanini, na kazi ya yule fundi ni nzuri mno, halikupotea neno hata moja. Mama akanigusa bega.

"Punguza mwendo." Nikapunguza. "Huyo anayeimba namfahamu."

"Mama, hiyo ni redio."

"Redio imeuonea wapi mkoba wangu?"

Tulipofika akamwambia mke wangu mlangoni, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mkoba nimeuacha nje, uupime kwanza." Mke wangu akaniangalia. Hakugomba, na angegomba ningemuweza. Aliuliza tu, "Nani mwingine amesikia?" na mimi kwa kupenda sifa nikaanza kumtajia. Mama alicheka jioni ileile, wakapika pamoja, akaondoka kwa amani, lakini mke wangu tangu hapo haimbi. Cherehani inalia peke yake. Namwambia nimekutangaza, mwenye kituo cha mafuta anataka uje kuimba akifungua duka lake, ananijibu, "Umemaliza?" Nyumba imekuwa kama benki, tunapishana kwa adabu. Mshauri, barabarani nina sauti kuliko wote, na nyumbani sina hata moja. Nifanye nini aimbe tena?

Ni mimi, Mzee wa Themanini

*

Mzee wa Themanini,

Marahaba, nimekuzidi. Fundi wako mpe salamu, amefanya kazi, na kwa spika hizo jivune, una haki. Ila ona ulivyofanya. Ulimuuliza fundi habari za upepo, besi, kioo na fyuzi, na mwenye sauti hukumuuliza chochote.

Usidhani kinachomuumiza ni ule ubeti wa mama mkwe. Mama aliumaliza mlangoni kwa utani, tena una mama mwenye akili, mtunze. Mkeo hakuuliza mama kasema nini. Aliuliza nani mwingine amesikia. Pale kwenye cherehani alikuwa peke yake, anamtania mteja, anakutania wewe, hakuna wa kumjibu wala wa kumpigia makofi, na hapo ndipo alipokuwa anapumzika. Wewe umemletea madereva wa malori wa barabara nzima, na sasa kila akitaka kufungua mdomo anawaona wamejipanga dirishani. Mtu anayejitangaza toka asubuhi kama wewe hili hulielewi upesi, ndiyo maana naliandika polepole.

Kumpenda unampenda, sina shaka. Wanawake wengi wanaoniandikia wana waume wasiowasikia hata wakiwa meza moja. Lakini kumpenda mtu si ruhusa ya kumrekodi nyuma ya pazia.

Leo, kabla hujala, mpe simu mkononi aufute ule wimbo mwenyewe. Kama kuna uliyemtumia, mfuate umwombe afute. Mwambie mwenye kituo cha mafuta kwamba mwimbaji hakuna. Omba radhi kwa sentensi moja, usiseme "lakini", halafu nyamaza, najua kwako hiyo ni kazi kuliko kufunga amplifaya. Usimwombe aimbe. Usimnunulie kitu ili aimbe. Na huko barabarani piga muziki wa watu waliokubali kurekodiwa, kwa kiasi ambacho bado utasikia gari linalokuja nyuma yako, maana kwenu bado unahitajika.

Itachukua muda, vumilia. Siku utakayorudi ukasikia juu ya mlio wa cherehani kuna sauti nyingine, zima pikipiki na ubaki hapo nje. Ukikuta unaimbwa wewe, tena vibaya, meza. Akimaliza ndipo uingie, na akikuuliza umefika muda gani, sema ndiyo kwanza unafika.