Sekunde za Kuongea na Mteja

Mtaa wa Gladwin, Nambari 27,
Rotherham.
Machi 14

Kaka Neil mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Shelley na wale mapacha. Natumaini joto la huko Perth limeanza kupungua, na mgongo wako umepona baada ya kukaa kwenye ndege saa zote zile. Mimi sijambo, ila kikohozi hakijaniacha. Nyumba ya Mama imeshatolewa vitu vyote, na funguo nitazirudisha halmashauri siku ya Ijumaa. Nimebaki na lile bati lake la pudini za Jumapili, lenye vishimo vya kuokea na kimoja kilichobonyea, kile ambacho utotoni ulilia hadi upewe pudini yake kwa sababu ilitoka kubwa kuliko za wenzio.

Barua yako niliipata Jumanne. Unauliza tena lile uliloniuliza siku ya mazishi, tukiwa tumesimama na sandwichi mikononi: ni nani aliyeamua kwamba mwanamke wa miaka sitini na saba atembee kwa kasi ile dukani? Unasema anwani ya makao makuu ya duka unayo, na ya gazeti unayo, kilichobaki ni jina tu. Siku ile nilikujibu kwamba nitaulizia. Jina ninalo, Neil, na nitakupa. Lakini nivumilie nieleze kwa mpangilio, maana nikianza na jina hutasoma mengine.

Wewe uliondoka kabla duka letu halijaanza kukusanyia watu bidhaa. Mama alikaa kwenye mashine ya malipo miaka kumi na tisa. Zilipoletwa zile mashine ambazo mteja anajilipia mwenyewe, akahamishiwa kwetu, kwenye kazi ya oda. Mtu anaagiza kwa simu akiwa nyumbani, na sisi tunapita kwenye rafu na toroli lenye kreti sita, za nyumba sita, tunamtolea kila kitu kimoja kimoja kama tunajinunulia wenyewe.

Mama aliifanya kwa namna yake. Kila boksi la mayai alilifungua na kulizungusha kila yai kwa kidole, kwa sababu yai lililopasuka chini hunata na kukataa kuzunguka. Watu aliwajua kwa orodha zao. Tukikaa kunywa chai alikuwa akisema, Bibi Haigh amerudi kwenye chupa moja ya maziwa, mzee wake kalazwa tena. Na ikawa kweli. Na wateja waliokuwemo dukani walimsimamisha kila hatua. Kulikuwa na Bwana Ackroyd, aliyekuja kila Alhamisi kununua supu za kopo bila miwani yake, na kila Alhamisi Mama alimshika kiwiko, akampeleka kwenye rafu na kumsomea makopo, ingawa mzee alichukua ileile ya kitunguu siku zote. Mama alimwita kila mtu kipenzi. Hata Clive, meneja wetu, alikuwa kipenzi, hata pale alipokuwa akimkaripia.

Mimi nilikuwa wa kwanza kwa kasi. Maxine wa kaunta ya samaki akiniona nakuja na toroli alikuwa akiwaambia wateja, "Pisheni jamani, treni ya Sheffield inapita." Nilijifanya inaniudhi. Haikuniudhi.

Machi ya mwaka jana alikuja mwanamke mmoja kutoka London, anaitwa Philippa. Kampuni yake ilikuwa inabuni programu mpya ya vile vifaa vya mkononi tunavyotembea navyo, ili oda zikusanywe haraka zaidi. Aliomba kufuatana na mfanyakazi anayeijua kazi, na Clive akanitoa mimi. Siku kumi na moja alinifuata na daftari. Aliniuliza kwa nini naanza na vizito, kwa nini vya barafu navichukua mwisho, kwa nini toroli naliacha mwanzoni mwa safu ya viungo na kuingia kwa miguu. Kila nilichosema alikiandika. Neil, niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, na tangu siku hiyo hakuna mtu msomi aliyewahi kuandika neno langu hata moja. Nilipomweleza Mama, alifurahi kuliko mimi. Alimwambia Bwana Ackroyd, na aliyekuwa nyuma ya Bwana Ackroyd, kwamba binti yake anaifundisha mashine.

Mizunguko ya kupima muda tuliifanya alfajiri, kuanzia saa kumi na moja mpaka mlango unapofunguliwa saa moja. Philippa alishika saa, mimi nikatembea. Tulichagua alfajiri kwa sababu njia zilikuwa wazi na hakuna wa kutuzuia. Ndivyo tulivyofanya sote pale dukani tulipotaka kufanya kitu sawasawa, tulikifanya kabla wateja hawajaingia. Haikutupitia akilini, hata mimi, kwamba duka lisilo na wateja si duka.

Programu ilianza Juni. Nisiwe mwongo, ilikuwa nzuri. Ilikupangia njia, hukurudi nyuma mara mbili, na mgeni wa siku moja aliweza kuipata zafarani ambayo sisi tulihangaika kuitafuta kwa miezi. Lakini pembeni ya kioo cha kifaa palikuwa na kidoa cha rangi. Kila bidhaa ilikuwa na sekunde zake. Ukizitimiza, kijani, ukichelewa, manjano, ukizidi kuchelewa, nyekundu, na nyekundu zako zilikwenda ofisini kwa Clive kila Ijumaa.

Mama alikuwa mwekundu kabla hajafika kwenye maziwa. Mayai yakampa nyekundu, Bwana Ackroyd akampa nyekundu. Wiki ya kwanza alifanya mzaha. Alituhadithia jinsi alivyomwambia mzee waongee wakitembea, na mzee akamkimbiza na fimbo yake mpaka kwenye sabuni akipaza sauti, "Brenda, kwani umeiba nini?" Tulicheka mpaka Maxine akamwaga chai.

Wiki ya tano nilimkuta kwenye safu ya makopo, ameigeuzia rafu uso, anajifanya anatafuta kitu. Nyuma yake alikuwa anapita mwanamke mzee na kigari chake cha kutembelea, anaangaza kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuuliza. Mama alingoja mpaka kigari kikapita. Mama yetu, Neil, alikuwa anamkwepa mteja. Nilipita na toroli langu kama sikumwona.

Oktoba aliitwa kikao. Unajua desturi yetu, mfanyakazi akiitwa mbele ya meneja ana haki ya kuingia na mwenzake mmoja wa kukaa naye. Wengine huchukua mtu wa chama cha wafanyakazi. Mama alinichukua mimi.

Clive alisoma nambari. Hakuwa mkali, muda wote alikuwa akibandua karatasi ya chupa yake ya maji, na alisoma haraka kama anayetaka kumaliza. Alisema muda ule hakuupanga yeye, ulikuja na programu, na ulipimwa katika duka halisi na mfanyakazi halisi. Mama akamuuliza kwa upole kama huyo mfanyakazi alisimamishwa na wateja mara ngapi. Clive akaangalia kompyuta yake. Akasema ipo nafasi ya jambo hilo, imeandikwa kuongea na mteja, na sekunde zilizowekwa ni sifuri.

Mama akasema, "Sifuri. Basi huyo mtu, Clive kipenzi, hajawahi kuwa na mama mzee."

Mimi nilikuwa kiti cha pili, goti langu likigusana na lake. Nilikuwa na haki ya kusema, ndiyo sababu ya mimi kuwemo. Clive aliniuliza mara mbili kama nina la kuongeza. Nilisema sina.

Walimpa kazi ya kujaza rafu, kuanzia saa kumi alfajiri, ambako hakuna wa kuzungumza naye. Alikataa bila makelele. Alivua beji, akaosha kikombe chake cha pale kazini, akakifunga kwenye gazeti na kurudi nacho nyumbani.

Mengine unayajua, ila hukujua kwa nini siku ile alikuwa kituo cha basi. Tangu Oktoba hakukanyaga tena duka letu. Nilimwambia nitamletea mahitaji yake, akasema hataki kuokotewa chakula kwa sekunde. Akawa anapanda mabasi mawili kwenda duka la upande wa pili wa mji, kwa ajili ya mkate na maziwa yanayopatikana hatua mia tatu kutoka mlangoni kwake. Januari ile kulikuwa na barafu, na ni kwenye kituo cha basi la pili alipoteleza. Nyonga ikavunjika, wakamfanyia upasuaji, kisha nimonia ikamwingia. Daktari alisema mifupa ilikuwa mikongwe. Ni kweli. Lakini mifupa mikongwe haikuwa na shughuli yoyote katika kituo kile.

Sasa nifike kwenye jina.

Siku ya kumi na moja, ya mwisho, tuliketi na Philippa kwenye chumba cha chai. Alikuwa na karatasi ya sekunde, tunaijaza pamoja: za kuokota, za kupitisha kwenye kifaa, za kupanga kwenye kreti. Mwishoni palikuwa na za kuongea na mteja. Akaniuliza aweke ngapi. Nikamwambia aweke sifuri. Aliinua kichwa, akasema yeye alikuwa amefikiria kumi. Maneno niliyomjibu nayakumbuka kwa sababu niliyasema nikicheka.

"Ukiwapa kumi watapiga soga. Anayeijua kazi anaongea huku anatembea."

Akaandika sifuri. Ukipenda unaweza kusema nilijisifu mbele ya msomi, na hilo lingekuwa kosa dogo, la kusameheka. Lakini sikuwa nafikiria wafanyakazi wote, Neil. Nilikuwa namfikiria Mama. Asubuhi ileile nilikuwa nimemmalizia oda za nyumba mbili juu ya zangu, nikakosa mapumziko, na Maxine akauliza mbele ya wote kama siku hizi familia yetu inalipwa kwa neno. Nilimwonea Mama haya. Nilitaka mashine imwambie aache kupiga soga, kwa kuwa mimi bintiye nisingeweza kumwambia. Nilidhani itamsukuma kidogo tu.

Kama alijua, sijui. Katika kikao kile hakunigeukia hata mara moja. Tulipotoka alinishika mkono, akaongea habari ya viazi vya chakula cha jioni mpaka tukafika kwake. Alikaa hospitali siku kumi na tatu, na zote nilikuwa pembeni yake na nafasi ya kumwambia. Nilimweleza habari za mvua.

Ipo na nyingine, na hii ndiyo inayonikaa kooni. Wiki moja baada ya wewe kurudi Australia nilimwandikia Philippa kwa kompyuta ya kazini. Nilimweleza juu ya mizunguko ya alfajiri, na ile sifuri, na Mama. Nilituma saa tatu asubuhi. Jibu lilifika kabla ya chakula cha mchana. Alisema ameumia sana, kwamba ile ni nambari tu, na kwamba mtu yeyote wa dukani angeomba ibadilishwe wangeibadilisha siku hiyohiyo. Tangu Jumatatu iliyofuata ni sekunde kumi na mbili. Jana Bwana Ackroyd alinisimamisha, nikamsomea makopo yote, na kidoa kikabaki kijani. Wenzangu wa oda wanasema kazi imekuwa tamu. Halikuhitajika gazeti wala makao makuu. Tangu Juni hadi Oktoba kulihitajika mtu mmoja aombe, na mtu huyo aliulizwa mara mbili na Clive, akasema hana la kuongeza.

Basi jina la kuweka kwenye barua yako ni Janine Hepworth, kama lilivyo kwenye beji. Sikuombi uliache. Lakini Clive usimweke, alipewa tu cha kusoma. Philippa naye alitaka kumi.

Majivu ya Mama bado yako kwa wazishi. Wanasema wanaweza kuyahifadhi mpaka Agosti. Tulikubaliana uje tuyamwage pamoja. Nitaelewa ukitaka kuwa peke yako, niandikie tu ni siku gani nisiwepo.

Nisalimie wifi Shelley, na umshukuru kwa maua. Wabusu mapacha, na kama utawaambia habari hii, waambie wakishakuwa wakubwa. Jikande ule mgongo, usiubebeshe vitu vizito.

Wako, mdogo wako,
Janine