Boriti Ulizozipiga Alama

Baba Salma,

Assalaam alaykum. Salamu ni haki yako hata nikiwa nimekukasirikia, basi ipokee, maana baada yake sikusudii kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Barua hii sikuitia bahasha. Nimeikunja mara mbili tu nikampa nahodha wa boti ya Nyamisati, naye ataisoma, namjua. Dereva atakayeifikisha Mohoro ataisoma. Yule mama wa mgahawa unakokunywa chai kila asubuhi ataisoma kabla hajakukabidhi, na waliokaa karibu watasomewa. Ndivyo nilivyotaka. Simu zangu hupokei mwaka wa pili sasa, na kila niliyemtuma kwako kwa siri amerudi na jibu moja, "Mwambie nitakuja." Nimechoka kukutunzia siri.

Ili wasomaji wako wanielewe, naanzia Unguja.

Tulikwenda kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yako. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka bahari kubwa, mimi mtoto wa wakulima wa Mtunda niliyeolewa Kiongoroni, huku kwenye mikoko, na kujifunza kutembea matopeni nikiwa mtu mzima. Boti ilinitapisha tangu Dar mpaka tunatia nanga. Ukanishikia mfuko, ukanifuta mdomo kwa ncha ya kanga yangu, wala hukuona haya mbele ya watu. Nalikumbuka hilo vizuri, na kila nikilikumbuka hasira inazidi, kwa sababu ungekuwa mtu mbaya tangu mwanzo ningeshakusahau.

Kesho yake harusi ilikuwa imekwisha na boti yetu ilikuwa ya siku ya pili. Shangazi akatuambia, "Msikae ndani kama wagonjwa. Nendeni mkaione nyumba ya yule tajiri wa karafuu, watu wanatoka Ulaya kuja kuishangaa." Tukaenda, wewe na kanzu yako ya harusini, mimi na viatu vya kuazima vilivyonibana vidole.

Mtembezaji wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti kubwa, funguo zimemning'inia kiunoni. Alitupokea mlangoni akasema, "Aliyejenga hapa mali alikuwa nayo, na wazimu alikuwa nao. Mtajionea." Tukajionea. Kulikuwa na mlango wa nakshi ambao ukiufungua unakutana na ukuta mtupu, eti mwizi ahangaike mpaka achoke. Kulikuwa na saa iliyochorwa ukutani kwa rangi, mishale yake iko kwenye saa kumi na moja siku zote, kwa kuwa tajiri hakupenda kuambiwa muda umekwenda. Birika la kuogea liko katikati ya sebule ya wageni. Mimi nilicheka mpaka nikasahau vidole vyangu.

Halafu tukafika kwenye ngazi. Zilikuwa mbili, moja upande wa kulia na moja wa kushoto, na katikati yake ukuta mnene usio na hata tundu. Mzee akatueleza kwamba tajiri alikuwa na wake wawili na aliapa hawataonana kamwe. Kila mmoja alikuwa na ngazi yake, jiko lake na mlango wake wa nje. Miaka yote waliyoishi humo, kila mke alimjua mwenzake kwa harufu ya udi tu.

"Bwana huyu alikuwa na akili!" ulisema, ukacheka hadi machozi.

"Alikuwa mwoga," nikasema mimi.

Mzee akanipigia makofi. Akatuonyesha kwamba vidato vya ngazi ya mke mdogo vimelika zaidi kuliko vya mke mkubwa. Nikavitazama sana vile vidato. Wewe ukaanza kumwuliza maswali yasiyokwisha. Alizigawa vipi siku zake? Wote wawili wakiugua siku moja alikwenda wapi kwanza? Watoto wa huku hawakuwahi kusikia sauti za watoto wa kule? Mzee akakujibu moja moja kwa uvumilivu. Mimi nikajisemea moyoni, mume wangu ana hamu ya kujua mambo, laiti angesomeshwa.

Chumba cha mwisho kilikuwa kwenye matengenezo. Dari limebomolewa na boriti za zamani zimelazwa sakafuni, nyeusi, zimekauka kama mifupa. Ulizipita kama mtu anayepita kuni. Kisha ukasimama, ukarudi, ukachuchumaa na kanzu yako nyeupe kwenye vumbi lile. Kwenye kichwa cha boriti moja palikuwa na mikato miwili iliyosimama na mmoja wa kukingama.

"Mama Salma," uliniita polepole, "hii alama yetu. Hii ya babu."

Ukalia. Nilikuwa sijakuona ukilia tangu tumzike baba yako. Ukamweleza mzee jinsi mikoko ya kwetu ilivyokuwa ikikatwa na kupakiwa majahazini, na jinsi kila ukoo ulivyopiga alama yake kwenye kichwa cha boriti ili mizigo isichanganyike ikishushwa huku. Mzee akavua kofia. "Kumbe wenye nyumba ni nyie," akakwambia. Mimi nilijivunia kuwa mkeo siku ile, nalisema hapa na kila mtu asome, nilijivuna mpaka kifua kikaniuma.

Nikakuuliza swali la kijinga la mtoto wa wakulima. "Mbona boriti za nyumba yetu hazina alama?"

Ukacheka na machozi yako. "Cha kwako utakipigia alama ya nini? Kinakaa hapo hapo nyumbani. Alama ni ya kinachoondoka, mke wangu."

Ukakipima chumba kwa hatua, ukuta hadi ukuta, ukaniambia upana wa chumba ni urefu wa boriti, na tajiri pamoja na utajiri wake hakuweza kuupita. Nyumba yetu wakati huo ilikuwa imeanza kuinama upande wa mkondo. Ukanishika bega. "Nikirudi nakukatia zako. Chumba chako kitakuwa na upana huu huu."

Miezi minne baadaye ukapata kibali cha kukata, nami nikafuatana nawe. Salma nilimwacha kwa jirani. Maji yakikupwa tuliingia, matope yakinifika mapajani, wewe unakata, mimi nabeba. Mke wa mkataji habebi boriti, wenzako walikutania, nawe ukawajibu, "Huyu anabeba nyumba yake." Nilizitoa korija mbili, boriti arobaini nzima, kwa bega hili la kulia. Linaniuma mpaka leo mvua ikitaka kunyesha.

Tulipozifikisha nyuma ya nyumba nikachukua maji na kumbi la nazi, nikaanza kuzisugua matope moja moja. Kwenye kichwa cha ile ya kwanza nikaona mikato miwili imesimama na mmoja umekingama. Nikadhani umejisahau. Nikasugua ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote.

Nikakuita. Ukaziangalia, ukaniangalia mimi. "Mazoea ya mkono tu," ukasema, ukaenda kuswali alasiri mapema kuliko siku zote.

Mkono wako haukukosea, Baba Salma. Mdomo ulikuwa unadanganya tangu Unguja, lakini mkono ulijua mzigo ule unasafiri. Juma lile lile boti ikaja ikazipakia. Ukaniambia umepata mteja anayezitaka haraka na za kwangu utakata nyingine.

Mwezi haujaisha, habari nililetewa na binamu yangu aliyekwenda Mohoro kununua mpunga. Alikuona juu ya paa na nyundo mkononi. Alikuja mpaka Kiongoroni, hakutaka kunieleza kwenye simu. "Dada, shemeji kajenga," aliniambia. "Na mke yupo mlangoni, mimba kubwa, siku zozote anajifungua."

Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Siku tuliyosimama mbele ya zile ngazi mbili, wewe ulikuwa tayari umeoa. Hukuwa unamshangaa yule tajiri. Ulikuwa unamwuliza njia.

Sikukatazi kuoa, na wanaosoma wasinisingizie. Dini imekupa nafasi na mimi si wa kuibishia dini. Ungenikalisha ukaniambia, ningelia, ningebeba mtoto nikaenda kwetu Mtunda kwa siku chache, ndugu wangenisema, ningerudi. Wanawake wangapi hapa wanaishi hivyo na wanapikiana? Ninachokulaumu ni bega langu. Uliniacha nibebe nyumba ya mwenzangu huku unawaambia watu kwamba ni yangu, na mimi natabasamu matopeni kama mwendawazimu.

Tangu mtoto wako wa kule azaliwe hujakanyaga huku. Idi zimepita bila wewe. Salma ameng'oka na kuota tena meno mawili ya mbele, na amejifunza kunyamaza watoto wenzake wakiwataja baba zao. Nyumba imeinama zaidi. Ile siku ya kupakia, boriti moja iliteleza ikazama kwenye tope na wapakiaji wakaiacha. Niliichimbua mwenyewe, na sasa nimeiegemeza ukutani kuzuia nyumba isilale. Kila nikipuliza moto natazamana na alama ya babu yako.

Kaka yangu amenitengea shamba Mtunda. Nataka kurudi kulima, na nataka kuwa mtu anayejulikana ni nani. Hapa sina mume na sina talaka. Nikiondoka hivi hivi, wazee wako watasema nimetoroka nyumba ya mume, na jina hilo litanifuata mimi na binti yangu. Nikibaki, nakungojea wewe unayesema unakuja. Kaka ameniambia twende kwa kadhi, atanitoa kwenye ndoa hii ukiitwa usipofika. Tutakwenda ikibidi. Lakini nilitaka kwanza nikuombe talaka wewe mwenyewe, kwa sababu miaka kumi na moja si kitu cha kumalizwa na mtu wa pembeni.

Salma usihofu, ni wako, mlango wa Mtunda hautafungwa kwako siku ukimtaka. Njoo mchana, upite mlango wa mbele.

Wewe mwenyewe ulinifundisha, umechuchumaa kwenye vumbi la nyumba ya watu, machozi yanakutoka, kwamba alama ni ya kinachoondoka. Basi mimi naondoka, Baba Salma. Shika kalamu kwa mkono ule ule usiojua kudanganya, unipige alama yangu.

Mkeo, mpaka karatasi ifike,
Mama Salma