Maelezo Kuhusu Gitaa Lililovunjwa Msibani Chanika

Yametolewa kituo cha polisi, Handeni, tarehe 13 Juni 2025, mbele ya Koplo Justa.

Jina: Sadala Mrisho. Umri: miaka 72, kwa mujibu wa kadi, mama alikuwa na hesabu yake. Kabila: Mnyamwezi, mzaliwa wa kambi ya mkonge. Kazi: kupiga gitaa, na mahindi kidogo. Makazi: Kilole, Korogwe.

Marehemu Hajira alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, Mzigua, kwa hiyo mtani wangu. Alitunga mashairi huru, yasiyo na vina wala mizani, nami nikiyatia muziki wa kubuni mwenyewe. Nilimwambia, "Mwalimu, mstari huu maneno kumi, huu neno moja. Wino uliisha?" Akasema, "Mzigo wa mkonge wewe, usininyooshee mistari. Penye neno moja, nyamaza." Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo liliniingia. Tulifanya kazi barazani kwake miaka mitatu, tukitukanana.

Mnamo tarehe 12 Juni, baada ya adhuhuri, nilifika msibani na gitaa. Jeneza lilipoinuliwa nilikaa mlangoni. Hiyo ni haki ya mtani, afande, hata wewe unaijua: halipiti mpaka tupewe chochote. Nikasema, "Huyu mvivu haendi kaburini kabla hajasikia wimbo wake." Watu wakacheka. Shehe akageukia ukuta. Awadhi, mtoto wa marehemu, naye alicheka. Akasema, "Haya mzee, imba upesi tukazike."

Nikaimba:

Mto umepita.
Mimi
bado nafua kanga ile ile.

Kwenye kanga sikufika. Kwenye "Mimi" nilinyamaza kama alivyotaka, na kilio kikanitoka. Si kile cha kuigiza. Vicheko vikakatika. Mtani halii, afande. Akilia, watu wanaanza kutazamana. Mama mmoja akasema, "Kumbe."

Awadhi alininyang'anya gitaa akalibamiza kwenye nguzo. Kipande kiliruka kikanichana kipaji cha uso. Mkono wake haukunigusa, aliyewapigia simu kaongeza chumvi. Tulizika. Jioni nikasikia mmemkamata.

Umeniuliza kama nilikuwa na uhusiano na marehemu. Hapana. Hata mkono hatukushikana, ila wa kuazimana kalamu. Nilimpenda, sikumwambia, kila nikitaka kusema, linatoka tusi, naye anacheka. Awadhi asomewe hapo, asije akamfikiria mama yake vibaya. Gitaa silidai. Kesho ni hitima, na mtoto ni yeye peke yake. Mwacheni akamsomee.

Sasa Chanika nzima inajua neno ambalo Hajira mwenyewe hakuwahi kuambiwa.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni haya, sina la kuongeza.

Sahihi: S. Mrisho

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa, amekubali ni sahihi. Amekataa fomu ya matibabu. Awadhi ameachiwa; aliyemdhamini ni shahidi huyu huyu. Wametoka pamoja, kijana akiwa amemshika mzee mkono. — Koplo Justa