Mume Wangu Amenyamaza, na Mtaalamu wa Ukimya Ni Mimi

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada, na nakuomba kicheko chako ukiweke akiba mpaka ufike mwisho, maana nikikueleza kazi yangu utadhani nimekuandikia kwa mzaha. Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu, nafundisha uongozi katika kampuni zenye watu wa mataifa tofauti, na miaka yangu yote ya utafiti nimechunguza jambo moja tu, yaani watu wanamaanisha nini wanaponyamaza kwenye mikutano. Kampuni mbili za nchi mbili zikiungana, bosi wa huku akauliza "Tumekubaliana?" na watu wa kule wakainamia kalamu zao, mimi ndiye ninayeitwa kukaa pembeni, karibu na birika la chai, halafu nimwambie bosi kama wamekubali, wamekasirika, au wanangoja atoke ili waanze kumsema. Nimeugawa ukimya katika aina saba. Wanafunzi wananiita Mama Kimya, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kunisikia nikinyamaza. Makala yangu ya kwanza ilikataliwa na majarida manne, la tano halikujibu kabisa, nami nikawatangazia nyumbani kwamba limekubali.

Sasa sikia yaliyonikuta. Nimepewa uprofesa kamili katika chuo cha nchi ya mbali, kazi niliyoitamani tangu nilipokuwa msaidizi wa kusahihisha mitihani, na siku habari ilipofika nilirudi nyumbani mbio, nikamkuta mume wangu mezani anamenya chungwa, nikamwaga yote kwa pumzi moja, mshahara, nyumba ya chuo, shule ya binti yetu, na kwamba yeye mwenyewe hatakosa kazi kwa kuwa ni daktari wa meno na meno yapo kila nchi, na nilipomaliza nikamwangalia, naye akaniangalia, akamalizia kumenya chungwa lake, akanikatia nusu. Shangazi, niliutambua ukimya ule papo hapo. Aina ya tatu: kukubali kwa mtu asiyependa makuu. Nimeuandikia sura nzima. Kesho yake asubuhi nikawajibu wale watu kwamba tunakuja.

Wiki iliyofuata wifi yangu akanipigia simu kunipongeza, eti kaka yake ameongeza mkataba wa pango la kliniki kwa miaka mitano na anapaka rangi upya. Nikamwambia, "Wifi, pengine anataka kumwachia mwenzake." Akaniuliza, "Kwani hamjaongea?" Nikasema tumeongea sana. Kwa kweli niliongea mimi, lakini kwenye utafiti hilo nalo linahesabika.

Hapo mtu yeyote mwenye akili timamu angemuuliza. Mimi, kwa usomi wangu, nikaona nitumie mbinu ninayowafundisha mameneja: ukimya ukitanda usikimbilie kuujaza, ngoja, mwenye neno atalitoa. Nikaandaa chai sebuleni, nikazima televisheni, nikakaa mbele yake nikangoja. Naye akangoja. Chai ikapoa. Mara nikamwona anafungua mdomo, nikajisogeza mbele kama kuku aliyeona mahindi, kumbe ni miayo. Akapitiwa na usingizi pale pale kwenye kochi, nami nikaenda kuandika kwenye kompyuta kwamba huenda kuna aina ya nane.

Binti yetu, aliyekuwa akichungulia toka jikoni, akaniambia, "Mama, si umuulize tu?" Nikamjibu kwamba siwezi kumuuliza moja kwa moja, swali langu litaathiri jibu lake. Akaniangalia kwa huruma ambayo mtoto hapaswi kuwa nayo kwa mzazi wake, akarudi kuosha vyombo. Basi uvumilivu ukanishinda, nikamfuata mume wangu kliniki, nikangoja mgonjwa atoke na shavu lake lililovimba, nikasema, "Mwenzangu, hebu niambie, kimya chako hiki kina maana gani?" Akavua glavu, akazitupa kwenye pipa, akasema, "Mtaalamu si wewe? Soma mwenyewe." Halafu akamwita mgonjwa aliyefuata.

Shangazi, chuo kile kinataka nisaini mkataba mwisho wa mwezi huu. Nikikataa, kazi kama hii hainirudii tena kwa umri wangu. Nikisaini, sijui nitapanda ndege na mume au na masanduku tu. Nampenda, hilo sijalifanyia utafiti lakini nina hakika nalo. Kwa hiyo wewe uliyesoma barua za ndoa mpaka macho yakachoka, nakuomba uniambie: huu ni ukimya wa aina gani?

Ni mimi,
Mama Kimya, asiyenyamaza

*

Mama Kimya,

Nimecheka, na wala siombi radhi. Mganga hajigangi, hilo tunalijua, lakini wewe umemziba mgonjwa mdomo, kisha unalalamika kwamba hasemi panapomuuma. Mchana kutwa mumeo anazungumza na watu ambao hawawezi kumjibu kwa sababu ana mikono yake vinywani mwao. Jioni akirudi nyumbani anakuwa yeye ndiye mgonjwa.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipomuuliza mumeo anataka nini, sikupaona. Mezani ulimtangazia. Sebuleni ulimtega. Kliniki ulimuuliza maana ya kimya chake, kana kwamba kimya ni mgeni aliyefikia kwenu na yeye ndiye mkalimani. Hakuna popote uliposema, "Unataka tuhame?" Maneno mawili, mwanangu, na wewe ni mtu wa kuandika sura nzima.

Usidhani nakulaumu kwa kutaka cheo. Umekitolea jasho, na mwanamke asiombe msamaha kwa kupanda ngazi. Mumeo naye simpigii makofi. Mtu mzima anayemjibu mkewe kwa mkataba wa pango amekosea, na mwambie ni Shangazi aliyesema. Wewe ulikijibu chuo bila yeye, yeye akamjibu mwenye nyumba bila wewe. Ngoma droo.

Lakini hilo swali lako la aina gani sitakujibu, hata ningekuwa nalijua jibu. Mtu anayezisoma nyuso za wageni kwa malipo hawezi kushindwa kumsoma anayelala naye kitanda kimoja. Hukumuuliza kwa sababu unaogopa. Na huogopi atasema "siendi", maana hoja za kumjibu unazo tele, mshahara, nyumba, shule. Unaogopa atasema, "Nenda, mimi nitabaki," tena kwa upole, bila hasira yoyote, na wewe uliyezoea kujieleza utakuwa huna la kusema. Hofu hiyo naielewa na nakupa pole kwa moyo wote. Wasomi wengi wamejificha nyuma ya vitabu vyao kwa hofu ndogo kuliko hiyo.

Sasa fanya hivi. Leo hii waandikie wale watu wa chuo, waambie ulijibu kwa niaba ya mtu ambaye hukumuuliza, na uombe wiki mbili zaidi. Wataona aibu kukunyima, kwani si wanakuajiri ufundishe hayo hayo, kungoja mpaka mtu aseme? Kisha usipike chai, usiandae kikao, na binti yako mwache na vyombo vyake. Mfuate mumeo anapofunga kliniki, mrudi nyumbani kwa miguu, mkiwa mnatazama mbele, na umwambie, "Nilikubali kazi bila kukuuliza, nilikosea. Nataka kwenda, na nataka kwenda na wewe. Wewe unataka nini?" Akichelewa kujibu, usimkodolee macho kama daftari. Angalia barabara.

Akisema hapana, mtazungumza: mwaka mmoja kwanza, au wewe kwenda na kurudi kila likizo, au kubaki. Wapo walioishi hivyo na ndoa zao zikasimama. Akisema nenda peke yako, lia mbele yake, si mbele ya kompyuta. Akisema ndiyo, mwenye nyumba ya kliniki atakuwa na la kusema juu ya ile miaka mitano, lakini hilo ni la kulimaliza kwa mazungumzo.

Kazi unaweza kuikataa na bado ukaishi. Unaweza hata kwenda bila yeye na bado ukaishi. Lakini ukisaini karatasi hiyo kabla hujamuuliza, cheo utakipata, na mpaka unastaafu hutajua kama angekuja.

Shangazi