Magogo Tuliyoyapandisha Tena

Kambi ya Wapanda Miti,
Mlimani.
Jumapili, mwezi wa tano.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mbele ya meza yako ya useremala, unamgombeza mtu kwa kupinda msumari. Mgongo wako waendeleaje? Na kile kikohozi cha vumbi la mbao, kimekuacha au mmeshazoeana? Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika kila nikiinuka kitandani na viganja vimekuwa vigumu kama soli ya kiatu. Kalamu bado naishika, ingawa mwandiko utauona mwenyewe.

Mjomba, nina habari njema na sitaki kuizungusha: mteremko umeshika! Mvua imekuja na vishindo vyake vyote, na miche yetu imesimama.

Nikueleze toka mwanzo. Huku juu msitu ulikuwa umechoka kabla hata ya moto. Wakongwe wa kambi wanasema zamani ukungu ulilala hapa tulipo hadi mchana, nguo hazikauki. Siku hizi umehamia juu vileleni, na huku jua linapiga waziwazi. Mierezi ikadhoofika kwa kiu, wadudu wakaingia chini ya magome, upepo ukaangusha iliyooza. Moto ulipofika ulikuta kuni zimeshapangwa.

Ndipo tukaletwa sisi kupanda upya. Nyapara wetu tunamwita Fagio, kwa sababu amekulia kazini kwenye mashamba makubwa, ambako takataka shambani ni aibu ya nyapara. Wengi wetu tumetoka hukohuko. Basi tukafanya tulichokijua: tukakusanya kila gogo lililoungua na kila tawi, tukaviburuta hadi bondeni. Mteremko ukang'aa kama sakafu ya sebuleni. Fagio akatembea kifua mbele. Tukapanda miche. Lakini mvua ya siku hizi hainyeshi, inamwagwa. Ya kwanza tu ikaondoka na miche na udongo wake, na watu wa bondeni wakawa wanachota tope kijitoni.

Bibi misitu, afisa anayesimamia msitu huu, akapanda kuja kuona.

"Magogo yako wapi?" akauliza.

"Tumesafisha, mama," Fagio akajibu kwa fahari.

"Basi yarudisheni."

Tulicheka tukidhani ni utani. Bibi misitu hakucheka. Alisema magogo ndiyo yanayoyapunguza maji mbio na kuupa mche kivuli. Tena ofisi yake ya misitu ilitupa msimu mmoja tu: miche ikiondoka tena, mteremko utaachwa ulivyo, na sisi kila mtu kwao.

Mjomba, umewahi kuupandisha mlima mti uliokwisha kufa? Wanne wanne, kamba mabegani, masizi hadi ndani ya masikio. Kuna mmoja tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Huyo hakuacha kupiga kelele: "Jamani, tuliyashusha wenyewe tukiimba, sasa mbona hamuimbi?"

"Wewe beba," Fagio akamwambia. "Mdomo hauna bega."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa kwenye ncha nzito, kila safari. Tukayalaza magogo kukingama mteremko, tukayapigilia vigingi, na miche tukaipanda upande wa juu wa kila gogo.

Wakati huo ndipo uliponiandikia nirudi nije kupiga randa kwako, kwamba huku napanda miti ya kufa. Yalinichoma maneno yale, kwa sababu nusu yangu ilikubaliana nawe.

Jumatano mvua ikamwagwa mchana kutwa. Tulikaa mabandani tukisikiliza maji yakipiga paa. Asubuhi yake tukapanda kwenda kuona mteremko. Fagio alitangulia, akafika ukingoni, akasimama kama kigingi. Nikasema moyoni, basi, kwisha habari yetu. Kumbe mtu mzima analia kwa furaha! Juu ya kila gogo udongo umejaa kana kwamba umewekwa kwa koleo, na miche ndani yake, kijani kabisa. Michache ililala, tukaiinua kwa mikono. Kule chini kijito kinapita, mawe unayaona.

Redio alimrukia nyapara shingoni. "Hongera, bosi! Mteremko mchafu kuliko yote duniani, na ni wako!"

Bibi misitu alikuja jana, akapita gogo kwa gogo, kisha akatushika mkono mmoja mmoja. Ofisi imekubali tuendelee. Sikudanganyi kwamba msitu umepona. Ukungu haujashuka, na mierezi mikubwa kama ile sitaiona tena maishani mwangu. Lakini udongo uko pale pale, na mimi nilikuwa mmoja wa walioushikilia. Kwa hiyo randa yako mpe mwingine kwa sasa, mjomba, wala usinune.

Msalimie dada yako, mama yangu, umwambie nakula vizuri. Wasalimie mkeo na bibi, na binamu yangu fundi cherehani. Mungu akuongezee pumzi na avilinde vidole vyako na msumeno.

Naishia hapa, nikanoe jembe. Kesho tunaanza mteremko wa pili, na Fagio ametangaza kwamba atakayeshusha hata gogo moja bondeni atakiona cha moto.

Wako akupendaye daima,
Mpwa wako wa mlimani